Picha za kadi za makumbusho zisififie
Yaya, kuhusu zile picha za vinyago zilizofifia kwenye kadi za makumbusho hapa Lubumbashi: nadhani shida ni wino. Printa nyingi za mjini hutumia wino wa rangi iliyoyeyushwa majini. Mwanga na hewa huula upesi. Tafuta printa ya wino wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka majini) na karatasi ya pamba isiyo na asidi. (Zile za zamani za nyeusi na nyeupe, zikisuuzwa vizuri baada ya dawa ya kusafishia picha, bado zinadumu.) Halafu hiyo mifuko ya plastiki ya PVC ya kuwekea picha, tupa! Inatoa asidi. Chukua ya plastiki ya poliesta. Namba ya kinyago andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, siyo biki. Na mvua zikianza, kabati la picha lisiegemee ukuta, kwa sababu ya unyevu.