Mwanza hadi Kisumu kwa begi la mgongoni

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anaweza kutoka Mwanza hadi Kisumu kwa siku moja na hela ya kuungaunga. Anaweza, ila atachoka.

Mimi nilipanda basi alfajiri pale Nyamhongolo, tukapita Magu, Lamadi, Bunda, Tarime hadi Sirari, mpakani na Kenya. Beba pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mpakani ndipo nilipoumia. Kijana mmoja alinibadilishia shilingi zangu kuwa za Kenya, akahesabu noti harakaharaka zikiwa zimekunjwa katikati. Nimeshakaa kwenye matatu ya Migori ndipo nikagundua kila noti iliyokunjwa ilihesabiwa mara mbili. Ilikuwa hela ya kulala. Nililia, sikufichi. Badilisha hela benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, na zihesabu mwenyewe, moja moja, zikiwa zimenyooshwa, kabla hujatoa zako.

Kilichonirudishia moyo ni Kisumu jioni. Nilikaa kwenye benchi karibu na ziwa, mama ntilie mmoja akaniletea ngege, sato wetu huyuhuyu, mzima, amekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya, na ugali wa moto. Aliposikia natoka Mwanza akaniongezea sukuma wiki bila kudai kitu, halafu akanielekeza gesti ya bei nafuu. Nilikula nikiyatazama maji yaleyale ninayofulia nyumbani Kirumba.

Panda basi la kwanza kabisa. Ukichelewa utaingia Kisumu usiku, na kutafuta gesti gizani na begi mgongoni sikushauri.