Kushe (nepi) za kitambaa Bukavu: angalia kwanza maji na makala (mkaa)

Dada, umeuliza mambo mawili: kama kushe za kitambaa zinawezekana Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye nyumba ambayo robineti inakauka siku kadhaa kwa juma, na kama kweli zinalinda mazingira kuliko pampers za kutupa. La kwanza ni ndiyo, ukipanga maji. La pili linategemea unavyofua.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalopotoshwa sana. Mwaka 2008 Uingereza walipima hewa ya ukaa kwa miaka miwili na nusu ya kuvalisha mtoto mmoja: pampers kilo 550, kitambaa kilo 570. Sawa tu. Walipopima tena, ripoti ya mwaka 2023 ikatoa 457 kwa pampers na 345 kwa kitambaa. Mzigo mkubwa wa kitambaa kule ni kufua: mashine, maji ya moto, kukausha kwa umeme. Sisi tunafua kwa mkono na kuanika kambani, kwa hiyo tuna nafuu, ila si kwa yule anayechemsha kila beseni. Sehemu ya makala ya mji huu inatoka msitu wa Kahuzi-Biega. Ukichemsha kila siku, faida yote imeishia kwenye mbabula (jiko la makala).

Kwa Bukavu, hata hivyo, hesabu kubwa ni taka. Pampers iliyotupwa mferejini inashuka na mvua hadi ziwa Kivu, na plastiki zinazoelea zinavutwa na mto Ruzizi mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I. Zikiziba mitambo, umeme unakatika. Ukiitupa chooni cha shimo, dawa ya ndani inavimba kwa maji na shimo linajaa kabla ya wakati wake. Ile “miaka 500” ya kuoza inayotajwa kila mahali iacheni: hakuna aliyeishuhudia, Pampers yenyewe imeanza kuuzwa mwaka 1961.

Vitu vya kununua: vitambaa 24 vya pamba, flanela nyepesi au shashi, sentimita 70 kwa 70. Vifuniko visivyopitisha maji vinne au vitano, na pini za usalama. Fulana kuukuu za pamba tupu zinafaa sana. Zenye poliesta hazinyonyi. Kitenge kipya pia hakinyonyi. Kitambaa chochote kipya kifue mara tatu au nne kabla ya kukitumia, la sivyo mkojo utateleza juu yake na utasema kushe mbovu. Pini ikigoma kupenya, ichome kwanza kwenye kipande cha sabuni, na unapofunga weka kidole chako kati ya pini na ngozi ya mtoto. Usikimbilie suruali za plastiki za bei rahisi: hazipumui, na mapaja yanababuka.

Mtoto mchanga anachafua kumi hadi kumi na mbili kwa siku; akikua, sita hadi nane. Kwa hiyo 24 ni za siku mbili, na siku ya pili ni ya mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei usitegemee jua la mchana. Fua alfajiri, anika mapema, uwe na kamba ya pili chini ya baraza. Hapo ndipo vitambaa bapa vinashinda zile kushe nene za kushonwa: kimoja kinakauka kwa saa chache penye upepo, nene inaweza kulala mbichi siku mbili na kuanza kunuka.

Kufua. Kinyesi cha mtoto anayenyonya tu kinayeyuka majini; akianza uji, kikwangue kwanza chooni. Suuza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha doa. Kisha fua kwa sabuni ya unga, halafu suuza mara mbili, mpaka maji yasiteleze tena mkononi. Kwa kushe kumi kadiria bidoni mbili za lita 20, na nusu nyingine ukitaka usalama. Maji ya suuzo la mwisho yahifadhi yawe ya kwanza kesho. Maji machafu yamwage chooni, kamwe si mferejini, na usifulie ziwani pale watu wanapochota: eneo la Kivu lina kipindupindu.

Wengi wanakwama hapa: maji ya ziwa yana madini mengi ya magnesi, na sabuni ya kipande ikikutana nayo inaacha utando mweupe. Utando huo unabaki kwenye nyuzi, kitambaa kinakuwa kigumu, kinaacha kunyonya. Dondoshea tone la maji kwenye kushe kavu. Likikaa juu kama shanga, umeshafika huko. Dawa ni kuchemsha vitambaa vya pamba mara moja kwa maji matupu, hasa ya mvua, na kusuuza sana. Vifuniko usivichemshe, vitapasuka. Dawa ya kulainisha nguo nayo inaleta tatizo lilelile, iache dukani.

Harufu kali ya mkojo asubuhi inatokana na kushe zilizoloweka muda mrefu. Ziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, zisizidi siku mbili. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) ni ya mara chache, kwa vitambaa vyeupe tu, na baada ya kutoa mkojo wote: ikichanganyika na mkojo au siki inatoa hewa yenye sumu, tena chumba kikiwa kidogo ni hatari kweli. Usianike kwenye majani wala chini, kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mabuu yake yanaingia ngozini. Nguo ikianguka chini, ipige pasi ya moto pande zote mbili.

Usiku mimi simlazimishi mtu. Vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, vinatosha kwa watoto wengi, lakini kama mtoto anaamka analia kila saa mbili kwa unyevu, mvalishe pampers moja usiku na utumie kitambaa mchana. Ni moja badala ya nane. Mtoto akiharisha, pia tumia pampers siku hizo, zifunge vizuri, uzipeleke penye ukusanyaji wa taka. Na usinunue zote 24 kwa mara moja. Chukua sita na kifuniko kimoja, jaribu juma zima ukiwa na maji ya nyumbani kwako.