Mkasi uwe wa mwisho, mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Mama yako goti limepoa, na mvua zimetulia kidogo. Ujumbe wako tumeusoma pamoja. Umeuliza kama kweli mtu anaweza kujifunza kushona nyumbani peke yake, kwa kujaribu na kukosea, au uache kuharibu vitambaa ukamlipe fundi wa hapo Kasulu akufundishe. Ukasema pia uzi unajikusanya chini ya kitambaa, na lile gauni la kitenge linavuta makwapani kila ukinyanyua mkono kuandika ubaoni.

Unaweza kujifunza mwenyewe. Nakuambia hivyo mimi niliyefundishwa na fundi.

Mama yako hakufundishwa na mtu. Alianza na sindano ya mkono, akitarizi foronya na vitambaa vya meza, baadaye akawa anakalia cherehani yangu nikienda kuswali. Mimi kwa fundi nilianza kwa kufagia vipande, kupiga pasi, kushikiza vifungo na kupinda suruali za watu. Mkasi sikuruhusiwa kuugusa kwa muda mrefu sana. Nikatoka pale najua kila kitu kinafanywaje, ila sababu zake nyingi nilikuja kuzisikia kwa mama yako, maana yeye hakuna alichokijua ambacho hakukifumua kwanza. Lakini alichelewa kufika, kwa kuwa alianza na gauni. Wanaojifunzia nyumbani karibu wote huanza na gauni.

Barazani kwa fundi mwanafunzi analindwa na mpangilio wa kazi kuliko na mafundisho yenyewe. Akikosea pindo, linafumuliwa na hakuna hasara. Akikosea kukata, fundi atamlipa mteja kitenge. Ndiyo maana hapewi mkasi. Wewe nyumbani kwako hakuna wa kukunyima mkasi, itabidi ujinyime mwenyewe: kosea kwanza penye kufumulika, na penye kukatwa uende mwisho kabisa.

Basi tafuta shuka lililochakaa, au nunua merikani, ile nyeupe isiyotiwa rangi. (Babu zetu wa Ujiji hii wangetushangaa kuifanyia majaribio, karne ya 19 merikani ilikuja na misafara kutoka pwani na ilikuwa fedha, watu wakinunulia vyakula na kulipia wapagazi.) Shona mifuko ya mazoezi, foronya, pazia la jikoni, aproni. Mistari iliyonyooka kwanza, halafu kona, halafu mviringo.

Na cherehani yako ya miguu, ukae nayo bila uzi kabla ya yote. Wewe ni mwalimu, daftari hazikosekani: chana karatasi yenye mistari, iweke chini ya sindano, upige miguu sindano itoboe juu ya mstari. Gurudumu la juu lizunguke kuja kwako. Likirudi nyuma uzi unakatika au unajifunga, kwa hiyo lianzishe kwa mkono ndipo miguu ifuate.

Sasa huo uzi unaokusumbua. Cherehani inashona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, ile reli ndogo ya uzi inayokaa chini, na zinatakiwa zishikane katikati ya unene wa kitambaa. Ukiona vitanzi na fujo upande wa chini, aliyelegea ni uzi wa juu, unavutwa chini na hakuna kinachouzuia. Watu wengi wakiona fujo iko chini wanakimbilia bobini, wanaanza kuchezea skrubu yake, na cherehani iliyokuwa na shida moja inakuwa nazo mbili. Iache bobini. Nyanyua mguu unaokandamiza kitambaa ndipo utunge uzi upya, kwa sababu mguu ukiwa chini vile visahani viwili vinavyobana uzi vimefumba, na uzi unapita juu juu bila kuingia. Ukianza kushona, zishike ncha zote mbili za uzi kwa nyuma mpaka mishono michache ya mwanzo ipite.

Ikiwa bado, tazama sindano. Ina upande wenye mfereji mrefu, na uzi huingilia upande huo. Ikiwekwa kinyume itaruka mishono hata kama cherehani imetoka dukani jana. Kwa kitenge namba 14 inatosha. Jinzi inataka 16 au 18. Sindano butu itupe, usiionee huruma, bei yake ni ndogo kuliko uzi itakaoukata.

Lakini nikusihi hapa, badili kitu kimoja kwa wakati. Tunga uzi upya, shona mstari mfupi kwenye kipande kibovu, kigeuze utazame pande zote mbili. Ndipo ubadili sindano, ushone mstari mwingine pembeni yake. Ukifanya yote kwa mpigo na cherehani ikatulia, hutajua nini kilichoituliza, na siku ikirudia utaanza upya. Mama yako alikuwa akiandika kwa kalamu juu ya kipande chenyewe: sindano namba fulani, mshono mrefu au mfupi, uzi umekazwa au umelegezwa. Mfuko wa vipande vile anao mpaka leo, na mimi nikipata kitambaa kigeni huwa namwomba autazame.

Mafuta tia ya cherehani tu. Kuna jirani wa huku alitia mawese, akisema mafuta ni mafuta. Yalipoganda, cherehani ilibidi ifunguliwe kila chuma.

Kuhusu vitenge nisikuchoshe, unavijua. Vinavyovuka ziwa kutoka Kongo na vinavyopandishwa kutoka Dar es Salaam vinafanana machoni tu. Chomoa uzi mmoja wa ukingoni uuchome: pamba huwaka ikanuka kama karatasi na kuacha jivu, lakini uzi usio wa pamba, wa polista, huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Ukiwa wa pamba, fua kitenge na ukianike kabla ya kukata, kwa sababu pamba ikifuliwa hurudi, hunywea ikawa fupi. Ukiwa wa polista, ogopa pasi. Na vipande vyote uvipange kufuata urefu wa kitambaa, sambamba na ule ukingo wake, vinginevyo gauni litajipinda mwilini ukidhani una bega moja fupi.

Ada unayotaka kumpelekea fundi, toa sehemu yake ndogo uende mnadani ununue shati la mtumba la mikono mirefu, lenye mishono mizuri. Usilivae. Lifumue. Tumia wembe au ncha ya mkasi mdogo, mshono mmoja baada ya mwingine, na kila unachokifumua ukiandike kwenye daftari. Ukimaliza, lisome daftari kutoka chini kwenda juu, kwa maana ulichofumua mwisho ndicho walichoshona kwanza. Utaona jambo ambalo ungekaa muda mrefu hujalifikiria: mshono wa ubavuni na ule wa chini ya mkono ni mstari mmoja unaoendelea. Maana yake mkono uliungwa begani shati likiwa bado wazi, limelala mezani, ndipo ubavu na mkono vikafungwa pamoja. Wewe nina hakika uliufunga mkono kwanza ukawa bomba, halafu ukahangaika kuuingiza kwenye tundu.

Vipande vya shati vipige pasi, uvilaze juu ya karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri, uvichore. Kila karatasi iandike jina lake: mbele, nyuma, mkono, kola. Hapo umepata mwalimu asiyedai ada.

Tuje kwenye kwapa, na naomba mkasi uwe mbali. Anayejifunza peke yake akiona panabana hufikiri dawa ni kupanua, akachimba kwapa liende chini. Akilivaa gauni linavuta zaidi, akachimba tena. Ni kinyume, mwanangu. Tundu la mkono likishuka, ukinyanyua mkono unanyanyua na ubavu mzima wa gauni, kwa sababu mshono umekwenda mbali na mahali mwili unapokunjikia. Gauni la mikono linataka tundu lililo karibu na kwapa lako. Nafasi ya kujinyoosha itafute kwenye upana wa mkono wa gauni na kwenye upana wa mgongo.

Kwa hiyo fumua kidogo chini ya kwapa, mkono wa kushoto peke yake, inchi tatu hivi kila upande. Livae, simama mbele ya kioo, nyanyua mkono kama unaandika ubaoni. Kitambaa kitaachana. Uwazi ule ndio upungufu wako, upime kwa futi. Kata kipande cha pembe nne kutoka kwenye mabaki, uongeze nusu inchi kila upande ya mshono, ukipachike hapo. Ni kikwapa, kile kile cha kanzu. Kipige bandi kwanza kwa mkono, mishono mirefu ya muda, uvae, ujinyooshe, na ukiridhika ndipo upitishe cherehani. Mkono wa kulia uuache ulivyo mpaka wa kushoto ukubali, upate cha kulinganishia.

Safari ijayo upimaji wako uwe na pumzi. Kifua kikiwa inchi 36, robo yake ni 9. Ongeza nusu inchi ya kupumulia, halafu inchi nzima ya mshono wa ubavuni. Inchi nzima, hata kama wenye haraka watakuambia nusu inatosha. Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono kitakuokoa ukinenepa, na kitakuokoa zaidi ukiwa umekosea.

Fundi bado utamhitaji, sikufichi. Kola ya shati iliyosimama vizuri, zipu kwenye nguo yenye bitana, na koti la suti, hivyo kuvivumbua peke yako ni kujitesa. Mwombe akuruhusu ukae pembeni yake alasiri moja anapovishona, umnunulie chai, usimsemeshe sana. Ungekuwa unataka ufundi uwe kazi yako ningekuambia nenda VETA, chuo cha ufundi stadi, ukapate cheti. Lakini umesema unataka kujivalisha na kuwavalisha wanao. Kwa hilo hiyo cherehani yako inatosha. Ila kitambaa cha mwalimu mwenzako usikipokee kwa sasa, hata akikubembeleza, hata akisema ni sketi tu.

Nimempa kijana wa basi la Kasulu mfuko wako: sindano namba 14 na 16, chupa ya mafuta, chaki, na vipande vya baraza langu vya kufanyia mazoezi. Mpigie kabla hajafika stendi.

Mama yako amesoma mpaka hapa, analalamika kuwa sijataja tundu la kifungo. Mimi kwa cherehani nashona tundu kwanza ndipo nalipasua katikati, na huwa naweka pini kila mwisho ili wembe usipitilize. Yeye anayeshona kwa mkono hupitisha mishono midogo kuzunguka mstari, akakata, ndipo akafunika kingo kwa uzi, tanzi moja limebanana na jingine. Anasema uanze kwa njia yake, na ufanye kwenye merikani. Kwa matundu sina ubavu wa kumbishia, shati ninaloendea msikitini Ijumaa, matundu yake yote ameyashona yeye.

Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako