Jibu: Mama anaficha hela halafu anasema kaibiwa

Pole sana, dada. Umeuliza kama mama yako wa miaka 74, anayemshutumu dada wa kazi kuwa mwizi, kazeeka tu au karogwa. Sidhani ni lolote kati ya hayo. Mzee kusahau chumvi kwenye mchuzi ni kawaida; kusimama katika jiko lake mwenyewe hajui aanzie wapi, kama ulivyoeleza, inafanana na dimensia, na huo ni ugonjwa wa ubongo.

Mpeleke hospitali kwanza. Umesema anameza metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi: dawa hiyo inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake huvuruga kumbukumbu, lakini unatibika. Waombe wapime hiyo, presha, na masikio pia.

Nyumbani usibishane naye. Mama yangu alikuwa akifunga noti kwenye pindo la khanga na kuifukia ndani ya debe la mchele. Siku za mwanzo nilimbishia, akalia mpaka jioni, bado inaniuma. Baadaye nikawa namwambia, "Tuitafute wote, mama." Tukiipata, anatulia.

Na huyo binti wa kazi mkalishe chini umweleze. Anaumia kuitwa mwizi.