Bosi mkuu kaondoka ghafla: usiuze kabla hujasoma tangazo la bodi

Mkuu, umeuliza kama uuze hisa zako leo kwa kuwa mkurugenzi mtendaji ameondoka bila dalili yoyote. Habari ya kuondoka peke yake haikuambii kitu. Fungua tangazo la bodi, usiishie kwenye kichwa cha gazeti.

Anza na tarehe: "kuanzia leo" ni jambo jingine kabisa na "atabaki hadi mwisho wa mwaka wa fedha". Halafu tazama nani anashika kiti. Kaimu bila jina la mrithi ndiyo hali inayoitesa hisa muda mrefu, maana wanunuzi wakubwa hukaa pembeni wakisubiri. Desemba 2024 mtendaji mkuu Pat Gelsinger alipoondoka Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, nafasi yake walipewa kaimu wawili. Hisa ilipanda asubuhi, ikafunga chini kidogo. Machi 2025 alipotajwa mrithi kamili, Lip-Bu Tan, iliruka karibu 15% siku iliyofuata.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, 13 Agosti 2024. Bodi ilimtoa bosi wake Laxman Narasimhan na palepale ikamtaja Brian Niccol, aliyekuwa bosi wa migahawa ya Chipotle. Starbucks ilifunga juu kwa zaidi ya 24%, Chipotle ikashuka zaidi ya 7%. Mtu mmoja, siku moja. Kwa Starbucks mauzo yalikuwa yanasuasua na wenye hisa wamechoka. Kwa Chipotle, sehemu ya bei ya hisa ilikuwa ni Niccol mwenyewe. Kwa hiyo jiulize: kabla ya habari hii, bei ilikuwa inamtegemea huyu bosi au ilikuwa inamlilia aondoke? Safaricom ilipofiwa na bosi wake Bob Collymore Julai 2019, bodi ilimrudisha Michael Joseph, aliyeiongoza hadi 2010, ndani ya siku moja tu. Hisa haikuporomoka.

Kisha piga hesabu. Hisa imeshuka 6% na fahirisi ya soko (kipimo cha bei za hisa kwa jumla) imeshuka 2%? Anguko linalotokana na kampuni yenyewe ni kama 4%. Hakikisha pia kwamba si siku ya kwanza hisa inauzwa bila gawio, yaani anayenunua hapati tena faida inayogawiwa wenye hisa: ya shilingi 500 yenye gawio la 25 itafungua karibu na 475 hata bosi akiwa ofisini anakunywa chai. Watu wengi huuza kwa hofu siku hiyo bure.

Ukiamua kuuza, usimwambie dalali "uza kwa bei yoyote". Tuseme una hisa 6,000, na wanunuzi waliopo wanataka 2,000 kwa 480, 1,500 kwa 470 na 3,000 kwa 440. Utapata wastani wa kama 461, si ile 480 unayoiona kwenye simu. Weka bei ya kikomo, yaani ya chini kabisa unayokubali, uza kwa mafungu. Kwenye soko la hisa la Nairobi kuna jambo la ziada: bei hairuhusiwi kusogea zaidi ya 10% kwa siku, kwa hiyo hisa iliyoshuka ikakwama kwenye 10% haijatulia. Wauzaji wamepanga foleni, kesho inaendelea.

Kwangu mimi, mkurugenzi wa fedha akiondoka ghafla wiki chache kabla ya hesabu kutoka, naogopa kuliko mtendaji mkuu. Mkaguzi wa hesabu naye akigoma kusaini, toka. Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilikosa euro bilioni 1.9 kwenye vitabu Juni 2020. Bosi wake Markus Braun alijiuzulu siku iliyofuata na hisa ikaendelea kuanguka siku hiyohiyo. Kubadilisha dereva hakukurudisha injini.

Pigo la pili huja baadaye, na ndilo watu hulisahau. Bosi mpya hupenda kusafisha vitabu kwenye ripoti yake ya kwanza: madeni sugu yanafutwa, thamani ya mitambo inapunguzwa, lawama zote kwa aliyetangulia. Kenya, kampuni ikiona faida itashuka kwa 25% au zaidi lazima itoe onyo mapema. Kama unataka kununua baada ya kishindo cha kwanza, weka nusu ya pesa, nusu iachie ripoti hiyo.