Sarajevo na njaa ya Mtunya, wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Bibi yetu akituona tunabakiza ugali alikuwa anasema nyie hamjui Mtunya, mamake alimsimulia. Juzi mwanangu kaja toka shule anasema mwalimu kawaambia ile njaa ililetwa na vita kuu ya kwanza. Sasa mtu auawe Sarajevo, Wagogo wafe njaa, inakuwaje? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Marahaba. Mwalimu kasema kweli. Aliyeuawa Sarajevo, mji wa Bosnia, tarehe 28 Juni 1914 ni Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, ila wakubwa wa Ulaya walishafungana mikataba zamani, ukimgusa huyu umemgusa na yule, basi Austria akamvaa Serbia, Urusi akasimama na Serbia, Ujerumani na Austria, Mjerumani akapita Ubelgiji kumfuata Mfaransa, Agosti 4 Mwingereza naye kaingia. Siku nne tu baadaye meli yake ya kivita inapiga mizinga Dar es Salaam, kisa huku kulikuwa kwa Mjerumani.

Sasa njoo Ugogo. Farasi na maksai wa jeshi walikuwa wanakufa kwa mbung'o, barabara hakuna, kwa hiyo mzigo unabebwa na kichwa cha mtu. Mjerumani alizoa ng'ombe, nafaka na vijana, 1916 Mwingereza akaiteka Dodoma na yeye akazoa vijana. Yaani ghala tupu, jembe limelala nyuma ya mlango, mwenye kulishika yuko porini na mzigo wa watu, halafu mvua ikagoma. Ndio Mtunya hiyo, 1917 mpaka 1920, na katikati yake yakapita yale mafua ya 1918 yaliyoua watu dunia nzima.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ukamnyang'anya Mjerumani makoloni, tukaitwa Tanganyika, Rwanda na Burundi akapewa Mbelgiji. Na uchungu wa Wajerumani kwa mkataba ule Hitler aliupanda mgongoni, miaka 20 na kidogo tu baadaye vita kuu ya pili hiyo.

Mimi kinachoniuma ni wapagazi. Kariakoo tunayoenda kununua nguo imetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, wa upande wa Mwingereza peke yake walikufa si chini ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi mno hawakuandikwa jina popote. Sanamu ya Askari, ya kuwakumbuka waliotumika vita ile, pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, imeandikwa hadi kwa Kiswahili kwamba ukifa wanao watakumbuka jina lako. Jina lipi? Ndugu yangu, kama bibi aliwahi kutaja mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, muandikishe mwanao hilo jina kwenye daftari, leo hii.