Kabla simu haijapigwa kituoni

Kisumu, Jumapili jioni

Mama,

Swali lako la Alhamisi sikutaka kulijibu kwa simu. Umesema wanafunzi wenu, makomredi, wametangaza maandamano ya kisiasa wiki ijayo, na Makamu Chansela ameitaka ofisi yenu ya Mkuu wa Wanafunzi imletee mapendekezo. Ukaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe, ungemshauri nini?"

Ningemshauri ashuke ngazi, aende mpaka langoni kwa miguu yake, kabla simu haijapigwa kituo cha polisi.

Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alipopatikana ameuawa karibu na nyumbani kwake Koru, nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Tuliandamana. Sisi wa kutoka huku tulilia kama waliofiwa na mzazi. Hakuna mkubwa hata mmoja wa chuo aliyetoka kutuuliza tunataka nini. Tulichosikia ni tangazo: chuo kimefungwa, ondokeni. Nikatoka na sanduku la bati kichwani, godoro nimelifunga kwa kamba ya katani, natafuta basi la kuja nyumbani. Kisha kila wiki nikawa naripoti kwa chifu, natia sahihi kwenye daftari, chini ya jina la mtu aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe. Babu yako alikuwa akinisindikiza hadi pale, anasimama nje chini ya mwembe, haongei. Mwenzangu wa chumbani alikuwa kitandani na malaria siku ya maandamano. Hakutoka hata mlangoni. Naye alifukuzwa pamoja nasi.

Ndiyo maana nakusihi: wakitaja kufunga chuo kwenye kikao, pinga. Aliyerusha jiwe anakwenda nyumbani, na aliyekuwa maktaba vilevile anakwenda nyumbani, na mzazi aliyeuza ndama kulipia hosteli harudishiwi kitu.

Na wasijadili kama watatoa ruhusa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Kazi ya chuo ni kujua watapita wapi na saa ngapi, nani anazungumza kwa niaba yao, na gari la wagonjwa litasimama wapi.

Atakayesema kusikiliza ni udhaifu, mkumbushe ya Marekani mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliita polisi tarehe 18 Aprili kuwaondoa wanafunzi waliopiga mahema kwa ajili ya Gaza. Zaidi ya mia moja walikamatwa. Mahema yakarudi, jengo likatekwa, polisi wakaitwa tena, na Agosti rais wa chuo, Minouche Shafik, akajiuzulu. Chuo Kikuu cha Brown, mwezi uleule wa Aprili, kilikaa na wanafunzi wake kikawaahidi kwamba bodi itapigia kura ombi lao la kuondoa fedha za chuo katika kampuni zinazohusishwa na Israel. Mahema yaling'olewa bila rungu. Oktoba bodi ilipiga kura, ikakataa. Walikataliwa, lakini walijibiwa, na ahadi ya kura ilitimizwa. Hilo tu ndilo tulilolikosa sisi.

Simwombei msamaha anayevunja kibanda cha mama mboga langoni. Huyo aitwe kwa jina lake, aonyeshwe ushahidi, apewe nafasi ya kujitetea, alipe. Yeye peke yake.

Hapa Kondele, Juni 2024, moshi wa vitoa machozi uliingia mpaka jikoni, mama yako akawa anawanawisha macho vijana asiowajua kwa maji ya mtungi. Tarehe 25 vijana waliuawa. Kesho yake Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha waliokuwa wakiupinga. Jibu lilikuwepo siku zote, mama, ila lilikuja baada ya mazishi kuanza kupangwa.

Mkubwa wako akikataa kwenda langoni, omba ruhusa uende wewe. Beba kalamu na daftari, andika wanachodai, wasomee tena wathibitishe. Vaa viatu vya chini. Nipigie ukirudi.

Baba yako